Umeniuliza kuhusu watoto

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusikiliza mara mbili, maana mara ya kwanza nilikuwa ndani ya matatu ya 111 na muziki ulinizidi. Unasema kanisa limewakubali wewe na mumeo mkafundishe Juba miaka mitatu, kisha ukauliza: "Mama, wale wamisionari uliowafanyia kazi waliishije ugenini na watoto? Na mimi wangu niende nao au niwaache bweni?" Nimeona nikuandikie. Kwa simu ungenikatiza.

Kwanza, waliishi kwa kuyawinda maji. Maji ya kanjo yalikuja siku mbili kwa wiki, tena usiku, na asiyeamka kujaza mapipa shauri yake. Nilianza kazi pale mwisho wa 1997, mvua za El Nino zikinyesha. Barabara zimekuwa mito, mfereji wa jikoni mkavu. Ya kunywa tuliyachemsha, yakapoa, tukayachuja. Baba wa nyumba, Mwalimu, aliondoka asubuhi na mapema kwenda kufundisha chuo cha Biblia, akirudi na rundo la insha. Mwaka 2000, ukame ulipokausha mabwawa na stima ikawa ya zamu, alizisahihisha kwa taa ya chemni huku akifukuza mbu. Wanafunzi walitoka Kongo, Malawi, na mmoja huko huko Juba unakokwenda, wakati ule ingali Sudan. Wengine walikuwa wachungaji wenye mvi, na yeye hata arobaini hajafika. Walimwita Mwalimu, nasi tukamwita hivyo, na mkewe Mama Mwalimu.

Aliyehangaika hasa ni Mama Mwalimu. Kwao mgeni hupiga simu kwanza. Hapa mtu anabisha saa mbili usiku, anakaa, anangoja chai. Kila wiki kadi ya harambee, kwa kuwa mzungu ni benki. Hakuna aliyeamini kwamba nao walikula kwa michango ya makanisa ya Marekani. Kiswahili alikijua kwa kukosea: siku moja alisimama kanisani akatukaribisha kwake, akasema nyumba yake ina wachumba watatu. Alitaka kusema vyumba. Mchungaji alilazimika kutoka nje kidogo.

Kila mwezi aliwaandikia wachangiaji barua ya kueleza kazi inavyokwenda. Moja niliiona. Ilikuwa na picha yangu nimeinamia karai la nguo, na nikamwomba Mwalimu anisomee maneno ya chini. Alisita, kisha akasoma: mama maskini tunayemsaidia. Mimi niliyemfundisha mkewe kusonga ugali! Sikusema kitu, ila wiki ile chapati zao zilitoka ngumu. Ukifika Juba, usimpige mtu picha kabla hujamwuliza, na ukiandika habari zake mwonyeshe.

Sasa hao watoto. Binti yao mkubwa alisomeshwa nyumbani na mamake, pale mezani, mpaka akafika miaka kumi na miwili. Kisha wakampeleka Rift Valley Academy kule Kijabe, shule ya bweni iliyoanzishwa 1906 kwa watoto wa wamisionari. Nilikwenda nao kumsindikiza. Pana jengo la mawe ambalo Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani, aliliwekea jiwe la msingi 1909, na Mwalimu alitueleza habari zake kirefu mno, nadhani ili asilie. Upepo wa kule si wa mchezo. Msichana mwenyewe alitupungia mkono, akawakimbilia wenzake.

Jioni ile stima haikuwepo. Nilikuwa jikoni namenya njegere, Mama Mwalimu akaingia, akavuta kigoda, akaanza kumenya nami. Maganda akayatia kwenye sufuria, njegere akazitupa kwenye ndoo ya taka. Nilimwacha. Akalia, nami nikaendelea kumenya, maana ningefanya nini? Baadaye akaniuliza, "Wako anakaa na nani?"

Nilikuwa nimekaa kwake karibu miaka mitatu, nalala kile chumba cha nyuma, na hilo hakuwahi kuliuliza. Nikamwambia anakaa na bibi yake, kule Wundanyi. Unamwona lini? Krismasi. Hakusema neno tena, akainama kuziokota njegere kwenye taka, moja moja.

Tangu hapo, Kijabe wakifunga shule na binti yake akaja nyumbani, mimi nami nilipewa nauli na ruhusa. Nilipanda basi la usiku mpaka Voi, asubuhi nikashika matatu ya Wundanyi. Ndiyo sababu ulianza kuniona Aprili na Agosti, ukaniuliza kama nimefukuzwa kazi. Lakini Aprili ile ya kwanza, ambayo pengine huikumbuki, hukunijia. Ulijificha nyuma ya leso ya bibi yako, na ulipotaka maji ukamwita yeye mama. Sikukulaumu, wala yeye. Nilikwenda shambani nikajidai natafuta kuni.

Mshahara ule ndio uliokusomesha, na ningerudi nyuma labda ningefanya vile vile, kwa kuwa sikuwa na njia nyingine. Wewe unayo. Nendeni nao. Wasomeshe asubuhi kabla joto halijapanda, wacheze na watoto wa pale, wavunje Kiarabu cha Juba kama Mama Mwalimu alivyokivunja Kiswahili. Mkubwa akifikia umri wa sekondari, hapo ndipo mzungumze habari ya bweni, naye akiwa amekaa hapo mnapozungumza.

Kitanda cha chumba cha pili nimekitengenezea mguu. Shule mkifunga, mje. Nauli ikiwapungukia niambie mapema, zamu yangu ya chama ni Aprili.

Mama yako,
Dagoretti Corner