Mashine inavuta maji lakini unyevu haushuki

Pole ndugu. Umeuliza kwa nini mashine yako ya kupunguza unyevu wa hewa (dehumidifier) haishushi unyevu nyumbani kwako Shangani. Kama ndoo inajaa kila siku na kipimo cha unyevu bado kinasoma 78%, mashine ni nzima, nyumba ndiyo iko wazi. Hapo Shangani upepo wa bahari unaingiza unyevu mpya muda wote. Angalia matundu ya hewa juu ya madirisha, yale yenye wavu tu: yazibe, na upenyo wa chini ya milango pia. Jikoni kwenye mkaa au gesi usizibe kabisa, ni hatari! Kisha weka mashine kwenye unyevu wa 55%. Kushuka hadi 40 ni kumaliza luku bure. Mpira wa kutolea maji ya mashine uteremke mfululizo, ukipanda mahali maji yanatuama na mashine inajizima. Filta ioshe kila wiki mbili.