Panya wa maabara anapimwaje usonji?

SWALI: Daktari, mwanangu ana miaka sita na ana usonji. Nimesoma kuwa watafiti waliwapa panya usonji, kisha wakawaponya kwa dawa. Panya anajulikanaje kuwa ana usonji? Na kama walipona, mbona dawa hiyo haijatufikia? — Mama wa Morogoro

JIBU: Mama, udaktari wangu ni wa maabara, si wa wodi ya watoto, ila hapa umegusa kazi yangu. Panya mwenye usonji hayupo. Mtoto hutambuliwa kwa kutazamwa anavyocheza na kuwasiliana, na kwa kuwahoji wazazi. Panya utamhoji nini? Tunachofanya ni kuharibu jeni moja iliyohusishwa na usonji kwa binadamu, halafu tunaangalia mwenendo wake.

Kipimo kinachotumika sana ni sanduku la vyumba vitatu. Panya anaanzia chumba cha kati. Upande mmoja kuna panya mgeni ndani ya kitundu cha waya, upande wa pili kitundu kitupu. Panya wa kawaida hukaa zaidi kwa mgeni. Asipofanya hivyo, huandikwa kuwa hajali wenzake. Tatizo ni kwamba panya humtambua mwenzake kwa harufu, hivyo hata mwenye pua mbovu anaweza kufeli mtihani huo. Mimi nikisoma utafiti wa namna hii, kwanza natafuta kama walimpima kunusa. Si wote wanaofanya hivyo.

Kuhusu dawa, nadhani kisa cha Frajaili-X kinajibu vizuri. Ni tatizo la kurithi linalotokana na jeni ya FMR1 kuzimika, na wengi walio nalo wana dalili za usonji. Panya wa kwanza asiye na jeni hiyo alitengenezwa na watafiti wa Uholanzi na Ubelgiji, wakamtangaza mwaka 1994. Baadaye ikaonekana kuwa protini ya jeni hiyo ni breki: inazuia seli za ubongo zisitengeneze protini nyingine kupita kiasi. Kipokezi kiitwacho mGluR5, yaani sehemu ya seli inayopokea ishara, ndicho kinachokanyaga mafuta. Kukizuia kwa dawa kuliwasaidia panya kweli. Hata degedege lililokuwa likiwapata wakipigiwa kengele kali lilipungua.

Kwa watu, dawa ya mavogluranti, inayozuia kipokezi hicho, ilijaribiwa kwa vijana na watu wazima wenye Frajaili-X. Walioitumia hawakupata nafuu kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa, na kampuni ya Novartis ikaiacha kazi hiyo mwaka 2014. Tazama kilichopimwa: kwa panya, degedege, kwa watu, dodoso la tabia lililojazwa na mlezi nyumbani. Hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa.

Mara nyingine njia huanzia kwa binadamu. Madaktari waliona kasoro kwa watoto ambao mama zao walitumia valproeti, dawa ya kifafa, wakati wa ujauzito; ndipo panya wajawazito wakapewa dawa hiyo ili uchunguzwe ubongo wa vichanga. Mwaka 2013 uchunguzi wa Denmark, wa watoto zaidi ya laki sita, ulionyesha kuwa waliokutana na valproeti tumboni walipata usonji zaidi ya wengine. Kama kuna ndugu yako anayeitumia na anataka kubeba mimba, amwone daktari mapema abadilishiwe. Asiiache mwenyewe ghafla, kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu.