Nyumba ya shamba ya babu: tuanze kuchangisha wapi?

SWALI: Ndugu Mshauri, familia yetu ina shamba la zamani nje kidogo ya mji wa Lushoto, lenye nyumba kubwa ya mawe iliyojengwa wakati wa Wajerumani, ghala la kahawa, zizi la farasi ambalo sasa ni banda la ng'ombe, na jiko la nje. Babu alilinunua kabla ya Uhuru, na hati bado ina jina lake ingawa alishafariki. Mabati yanavuja na ukuta mmoja wa ghala umeanza kuegama. Tumeunda kamati na kundi la WhatsApp, na baadhi yetu wanataka tuwaandikie wafadhili wa nje mara moja kwa kuwa majengo haya ni ya kihistoria. Je, watatusikiliza? — Msomaji, Lushoto

JIBU: Ndugu msomaji, kwa hali mliyonayo leo sidhani kama watawasikiliza, na sababu haihusiani na uzuri wa nyumba. Kwa makaratasi, mwenye shamba ni marehemu. Hakuna mfadhili makini atakayeweka fedha kwenye jengo ambalo kesho linaweza kuzua kesi ya urithi, kwa hiyo safari ya kwanza ni mahakamani, kuteua msimamizi wa mirathi, na ya pili ni ofisi ya ardhi.

Hata hati ikikaa sawa, mifuko mingi ya urithi wa utamaduni haitoi fedha kwa mali ya mtu binafsi. Mfuko wa mabalozi wa Marekani wa kuhifadhi utamaduni, ulioanzishwa mwaka 2001, umekuwa na sharti hilo waziwazi. Njia inayowezekana ni kuunda bodi ya wadhamini, kuisajili RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, chini ya sheria ya wadhamini, Sura ya 318, kisha familia ikaipangisha bodi hiyo majengo kwa miaka mingi huku mashamba yenyewe yakibaki mikononi mwenu. Najua wapo wazee ambao hawatalipenda jambo hili, na ni afadhali mlimalize sebuleni kabla ya kumwandikia mtu yeyote.

Neno «kihistoria» nalo halina nguvu ya kisheria bado. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Nyumba ya wakati wa Wajerumani inahitaji tangazo la Waziri. Tangazo hilo huipa barua yenu uzito, lakini pia huwafunga, kwa sababu baada yake hamtabadilisha hata dirisha bila kibali.

Sasa fedha zenyewe. Msitaje kiasi chochote kwenye kundi kabla mkadiriaji majenzi aliyesajiliwa hajapima na kutoa makisio ya kila jengo peke yake. Ningeanza na ghala, si nyumba kubwa: ni dogo, linamalizika kwa mchango wa ndugu, linaweza kupangishwa likaingiza chochote, na ghala lililokamilika humshawishi mfadhili kuliko andiko la kurasa arobaini. Nyumba ya mwandishi wa Denmark, Karen Blixen, karibu na Nairobi, iliyojengwa mwaka 1912, ilibahatika kununuliwa na serikali ya Denmark na kukabidhiwa Kenya baada ya Uhuru, ikafunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1986. Bahati ya namna hiyo haipangiwi bajeti.

Niliwahi kuingia ghala la aina hiyo ambalo kuta zake zilipigwa lipu ya saruji kwa fedha za mchango. Kwa nje lilikuwa jipya kabisa. Nilipogonga ukuta kwa kifundo cha kidole ulitoa sauti ya debe tupu, na fundi alipobandua kipande kwa tindo tukakuta udongo wa katikati ya mawe umelowa kama uji, na ncha ya boriti ikamegeka mkononi kama mkate mkavu. Saruji ilikuwa imeyafungia maji ndani. Kwa hiyo makisio yenu yataje lipu ya chokaa, si saruji, na yaweke nauli na malazi ya fundi anayeijua kazi hiyo, hata ikibidi atoke pwani.

Kuchanga hakutatushinda sisi tunaochangia harusi kila mwezi, ila kadi itaje kitu kinachoonekana: bati moja, boriti moja, mfuko wa chokaa. Fungueni akaunti yenye watia saini watatu, mmoja wao awe mkwe au jirani asiye mrithi, na kila Jumamosi mweka hazina atume kwenye kundi picha ya risiti pamoja na salio.

Kabla ya masika nunueni turubai la kufunika paa la ghala na magogo ya kuegemeza ule ukuta. Pigeni picha zenye tarehe kabla fundi hajagusa kitu, pande zote nne na ndani pia, kwa kuwa picha hizo ndizo mfadhili atakazoziomba kwanza, na ukuta ukishanyooshwa hamtaweza kuzipata tena.