Jibu: Boya linagonga ubavu wa mashua, Msasani

Pole kaka. Umesema boya ulilofungia mashua yako hapo Msasani linagonga ubavu usiku mpaka rangi inabanduka. Hapo upepo unashindana na mkondo: maji yanavuta huku, kusi (upepo wa kusini) inasukuma kule, mashua inalipanda boya lake. Fupisha kamba ya kutoka mashua hadi boya, mpaka boya likae chini kabisa ya omo (sehemu ya mbele ya mashua), lisiweze kufika ubavuni. Ila kwanza hakikisha mnyororo wa chini, unaoshika boya, unatosha wakati wa bamvua (maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu), maana Dar maji hupanda na kushuka kama mita 3. Tumia kamba mbili za nailoni, uzivishe kipande cha mpira wa maji zinapopita ukingoni mwa mashua. Pakague hapo kila wiki, tafadhali! Kamba nyingi huliwa na msuguano. Tezi (sehemu ya nyuma ya mashua) usiifunge, iache mashua izunguke.