Macho Baada ya Leza: Maswali ya Wasomaji na Majibu

Tangu safu hii ilipogusia upasuaji wa kuondoa miwani kwa leza, barua nyingi zilizotufikia zimetoka kwa watu waliokwisha kufanyiwa upasuaji huo au waliokwisha kupangiwa siku, si kwa wanaouwazia tu. Tumechagua nne na kuzifupisha, na majina hatukuyaweka kwa ombi la wenyewe.

SWALI: Daktari, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari, ninaishi Tabata. Nimevaa miwani tangu nikiwa shule ya msingi, na mwaka huu nilisafiri kwenda India nikafanyiwa LASIK, yaani aina mojawapo ya upasuaji huo wa leza, macho yote mawili. Kesho yake nilisoma bango la upande wa pili wa barabara bila miwani, nikatokwa na machozi ya furaha. Sasa ni mwezi wa tatu. Ikifika saa tisa alasiri macho huwasha kama yametiwa mchanga, asubuhi kope huwa nzito kufunguka, na usiku kila taa ya gari linalonijia ina duara la mwanga kuizunguka. Nyumbani wananiambia nimekwenda kuharibiwa macho kwa fedha zangu mwenyewe. Je, ni kweli?

JIBU: Dada Mwalimu, kwa dalili ulizozieleza, na kwa kuwa mchana unaona vizuri, haielekei kwamba macho yako yameharibiwa. Inaelekea zaidi kwamba hayajamaliza kupona. Konea, yaani ule utando angavu ulio mbele ya mboni, ni miongoni mwa sehemu za mwili zenye mishipa mingi zaidi ya fahamu. Katika LASIK daktari hukata kijifuniko chembamba juu ya konea na kukifunua kikiwa bado kimeshikilia upande mmoja, kisha leza iitwayo eksima huchonga tabaka lililo chini yake kwa vipimo vya mikromita, yaani sehemu za elfu za milimita, na mwishowe kijifuniko hurudishwa mahali pake bila kushonwa. Kazi yote huchukua dakika chache kwa kila jicho, na kwa sababu ya wepesi huo watu wengi hudhani kwamba kupona nako ni kwa siku mbili tatu. Ile mishipa ya fahamu iliyokatwa pamoja na kijifuniko ndiyo iliyokuwa ikiliarifu jicho kwamba limekauka, likatoa machozi na kupepesa. Huota tena polepole, na kwa wagonjwa walio wengi ukavu hupungua ndani ya miezi sita hadi kumi na miwili, ingawa wapo wachache ambao huendelea kuusikia baada ya hapo.

Wewe una mazingira yanayouzidishia ukavu huo nguvu. Mtu anaposahihisha madaftari au kutazama simu hupepesa mara chache kuliko anapozungumza, na vumbi la chaki halina huruma. Tena kuna feni. Katika joto la kaskazi hakuna mkazi wa Dar es Salaam atakayekubali kulala bila feni, nami sitakuomba ufanye hivyo, ila uielekeze miguuni badala ya usoni, kwa maana watu wengi hulala kope zao zikiwa hazijafumba sawasawa, na upepo wa usiku kucha ndio unaokufanya uamke kope zikiwa nzito. Tumia machozi ya bandia yasiyo na dawa ya kuhifadhi, yale yanayouzwa katika vichupa vidogo vya matumizi ya mara moja, na uyatie kwa saa maalumu kabla macho hayajaanza kuwasha, kwa mfano kabla ya kipindi cha kwanza, wakati wa mapumziko na unapoanza kusahihisha. Wakati wa kulala, jeli ya macho hudumu zaidi kuliko matone.

Jambo moja nalisisitiza. Usiingie duka la dawa ukaomba matone ya kuondoa wekundu, wala usinunue tena, bila cheti cha daktari, yale matone yenye steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) uliyopewa baada ya upasuaji kwa sababu tu yalikupa nafuu. Steroidi ikitumika kwa muda mrefu bila kupimwa inaweza kupandisha presha ya macho, na presha ya macho haina maumivu ya kukushtua. Kwa watu wenye asili ya Afrika ugonjwa wa presha ya macho (glaukoma) huelekea kuanza mapema na kuwa mkali zaidi.

Kuhusu maduara ya mwanga, usiku mboni hupanuka, na wakati mwingine hupanuka kufikia ukingo wa eneo lililochongwa na leza, ambalo kwa kawaida lina kipenyo cha milimita 6 hivi. Mwanga unaopita ukingoni hapo hutawanyika. Ukavu nao huongeza tatizo, kwa sababu machozi yaliyokatika-katika juu ya konea huutawanya mwanga vilevile. Wengi huona nafuu kati ya mwezi wa tatu na wa sita. Sitakuficha kwamba kwa baadhi ya watu maduara hayo hubaki, hasa kwa waliokuwa na namba kubwa za miwani. Kwa sasa, ukilazimika kupita Barabara ya Mandela usiku, pale malori na bodaboda wanapokuja na taa kamili bila kujali wa mbele, mwachie mwingine usukani. Aidha, pimwa namba upya, kwa kuwa namba ndogo iliyosalia huweza kuyafanya maduara yaonekane makubwa kuliko yalivyo.

Huna haja ya kurudi India kwa sababu ya ukavu. Daktari bingwa wa macho wa hapa Dar es Salaam, awe Muhimbili, CCBRT au katika hospitali binafsi, anaweza kuupima na kuutibu hata kama si yeye aliyekufanyia upasuaji. Ila iandikie hospitali ile ikutumie karatasi zako zote: namba za kabla ya upasuaji, unene na ramani ya konea, na kiasi kilichoondolewa. Wasafiri wengi hurudi na dawa na picha za simu tu. Karatasi hizo zitahitajika ukiwa bibi na mtoto wa jicho amekujia, kwa sababu hesabu ya nguvu ya lenzi ya kupandikiza hupotoka ikiwa daktari hajui kwamba konea iliwahi kuchongwa. Hata kipimo cha presha ya macho husomeka chini kuliko hali halisi kwenye konea iliyopunguzwa unene, kwa hiyo kila atakayekupima mwambie mapema.

Kinachopaswa kukupeleka hospitali siku hiyohiyo, bila kungoja kesho, ni maumivu makali, macho kushindwa kuvumilia mwanga, usaha, uoni kushuka ghafla, au jicho kupigwa, iwe ni kwa mpira au kwa kidole cha mtoto unayembeba. Kijifuniko kile hukaa imara, lakini hakirudi kuwa kama ambacho hakikuwahi kukatwa, na pigo laweza kukisogeza hata baada ya miaka.

SWALI: Shikamoo Daktari. Ninafanya kazi katika ofisi ya forodha bandarini na nimepangiwa leza mwezi ujao. Mwenzangu alifanyiwa LASIK akarudi kazini siku ya tatu. Mimi nimeambiwa konea yangu ni nyembamba, kwa hiyo nitafanyiwa PRK, aina ya leza isiyokata kijifuniko. Je, ninapewa kitu cha daraja la chini? Niombe likizo ya muda gani? Na je, kuhusu kutawadha?

JIBU: Marahaba. Hupewi cha daraja la chini. PRK ndiyo iliyotangulia. Ilianza kufanywa kwa macho ya binadamu mwishoni mwa miaka ya 1980, na Marekani iliiidhinisha mwaka 1995, kabla ya LASIK. Konea ya wastani ina unene wa takribani mikromita 540, yaani zaidi kidogo ya nusu milimita, na kwa asiyeona mbali kila dayopta moja (kipimo cha namba ya miwani) humaanisha kuondoa mikromita 12 hadi 16 hivi. LASIK huongeza juu ya hesabu hiyo kijifuniko cha mikromita 100 au zaidi, ambacho hata kikirudishwa hakibebi tena uzito wa konea. Kwa hiyo daktari aliyekataa kukata kijifuniko kwenye konea nyembamba amekulinda, na ningekuwa na wasiwasi zaidi kama angekubali haraka.

Bei yake utailipa kwa maumivu na subira. Katika PRK ngozi ya juu kabisa ya konea huondolewa, leza hufanya kazi yake, kisha huwekwa lenzi laini ya kufunika kidonda mpaka ngozi iote tena, kwa kawaida siku nne hadi saba. Siku mbili tatu za mwanzo huwa ngumu: machozi hutiririka, mwanga huchoma, na mtu hutafuta chumba chenye giza. Meza dawa za maumivu ulizoandikiwa. Ila ile dawa ya ganzi uliyotiwa chumba cha upasuaji, usiiombe uende nayo nyumbani na wala usiitafute kwa rafiki aliye na duka la dawa. Ikitiwa tena na tena huzuia ngozi ya konea kuota na inaweza kuliharibu jicho kabisa, wakati mgonjwa anajiona amepata nafuu.

Baada ya lenzi kutolewa utaona, lakini kwa ukungu ukungu, na si ajabu jicho moja kutangulia jingine. Omba likizo isiyopungua wiki moja, na kama kazi yako ni kusoma nyaraka zenye maandishi madogo siku nzima, wiki mbili zitakufaa zaidi. Uoni hutulia kwa wiki kadhaa, na kwa baadhi ya watu hufika miezi mitatu au zaidi. Mwenzako wa siku ya tatu asiwe kipimo chako. Katika miezi hiyo vaa miwani ya jua kila utokapo, kwa kuwa mionzi ya jua huweza kuchangia konea kufanya ukungu wakati inapopona, na jua la bandarini, likiakisiwa na maji na makontena, halina kificho.

Kuhusu kutawadha, kwa upande wa tiba maji ya bomba hayatakiwi kuingia machoni kwa wiki ya kwanza angalau. Usijimwagie maji usoni kwa viganja. Uso waweza kufutwa kwa kitambaa safi chenye unyevu, kikipita mbali na kope. Kama hilo linatosheleza udhu au una ruhusa ya kutayamamu, muulize sheikh wako kabla ya siku ya upasuaji, ili usije ukawa unaliwaza suala hilo huku macho yamefumba kwa maumivu. Bahari ya Coco na Kigamboni, pamoja na mabwawa ya kuogelea, uyaache mpaka daktari akuruhusu, na hilo kwa kawaida ni suala la wiki kadhaa.

SWALI: Daktari, binti yangu ana miaka 17. Namba yake ya miwani hupanda kila mwaka, na tangu akiwa mdogo macho humwasha akayafikicha mpaka yakawa mekundu. Ningependa afanyiwe leza kabla hajaenda chuo. Mama, Temeke.

JIBU: Mama, usimfanyie sasa. Leza huchonga konea kulingana na namba ya siku ile. Namba ikiendelea kupanda, miwani itarudi. Madaktari husubiri mtu afike miaka 18 kwa uchache, wengi wakipendelea 21, na namba iwe imetulia kwa mwaka mzima bila kusogea zaidi ya nusu dayopta.

Hata hivyo, kinachonishughulisha zaidi katika barua yako ni kule kufikicha. Mzio wa macho wa utotoni ni wa kawaida sana kwetu, na kufikicha kwa miaka mingi huhusishwa na ugonjwa wa konea kulegea na kuchomoza mbele, uitwao keratokonasi. Anayeanza ugonjwa huo huonekana kama mtu anayebadilishiwa miwani mara kwa mara tu, na akifanyiwa leza ya kuondoa miwani konea yake iliyodhoofika huweza kuzidi kuchomoza. Mpeleke apigwe picha ya ramani ya konea. Ikiwa ugonjwa umeanza, ipo tiba ya kuizuia konea isiendelee kulegea, inayotumia matone ya vitamini B2 pamoja na mwanga wa urujuanimno, na hufaa zaidi ikiwahiwa. Ikiwa haujaanza, atibiwe mzio, akome kufikicha, na suala la leza mlizungumze atakapokuwa mwaka wa mwisho wa chuo.

SWALI: Mimi ni mstaafu wa Magomeni, nina miaka 66. Nilipigwa leza kwa ajili ya presha ya macho. Mbona bado ninavaa miwani? Na jirani yangu anasema leza hiyohiyo huondoa mtoto wa jicho.

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Leza za macho ni nyingi na kila moja ina kazi yake. Yako haikugusa umbo la konea, bali ililenga mfereji wa kutolea maji ya ndani ya jicho ili presha ishuke. Hapa nchini imefanyiwa utafiti katika hospitali ya KCMC, Moshi, ikilinganishwa na matone ya timololi, dawa ya kushusha presha ya macho, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 katika jarida la Lancet Global Health yalionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja tiba ilifanikiwa kwa asilimia 61 ya macho yaliyopigwa leza, dhidi ya asilimia 31 ya yale yaliyotumia matone. Lakini hairudishi uoni uliokwisha kupotea, na nguvu yake hupungua kadiri miaka inavyopita, kwa hiyo kliniki usiiache hata kama hujisikii chochote.

Jirani yako amechanganya mambo mawili. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji na lenzi mpya kuwekwa. Leza huja baadaye, kwa baadhi ya watu, kutoboa utando wa nyuma ya lenzi hiyo ukipata ukungu. Miwani ya kusomea nayo ni ya umri, na hata vijana wanaofanyiwa LASIK leo wataihitaji wakivuka arobaini. Wanao na ndugu zako wa damu wapimwe presha ya macho mwaka huu, kwa kuwa ugonjwa huo hurithiwa.