Linux Inaisoma Patisheni, GRUB Inaikataa

SWALI: Ndugu Mhariri, kompyuta yangu ya mezani inatumia Linux, na patisheni (sehemu ya diski) ya /boot, yenye faili za kuwashia mfumo, imetengwa peke yake mwanzoni mwa diski. Patisheni hiyo ilipoharibika niliwasha kompyuta kwa flashi yenye toleo jipya la Linux, nikaifomati upya kwa mfumo wa faili wa ext4, kisha nikarudisha faili zote kutoka kwenye nakala. Tangu hapo kila nikiwasha napata “error: unknown filesystem” na alama ya “grub rescue>”. Nikirudi kwenye flashi, patisheni inafunguka na faili zote zimo. Je, diski imekufa? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, hakuna katika maelezo yako kinachoonyesha kwamba diski imekufa, na ninakusihi usifomati tena wala usisakinishe mfumo mzima upya kabla ya kuchunguza jambo moja. Ukiwa kwenye flashi, anayeisoma patisheni ni keneli, yaani kiini cha Linux. Wakati wa kuwasha, anayeisoma ni GRUB, programu ndogo inayoianzisha Linux, ambayo ina msimbo wake yenyewe wa kusoma mifumo ya faili, ulioandikwa kando na ule wa keneli. Patisheni inaweza basi kuwa nzima kabisa machoni pa mmoja na isieleweke kwa mwingine.

Ninachokishuku zaidi ni sifa iitwayo metadata_csum_seed. Kuanzia toleo la 1.47.0 la e2fsprogs (kifurushi cha zana za ext4), lililotolewa Februari 2023, amri ya kufomati ext4 huiwasha sifa hiyo yenyewe, lakini GRUB 2.06 ya mwaka 2021, kama ilivyotoka kwa watengenezaji wake, haiitambui, na ikikutana nayo hukataa kusoma patisheni yote. GRUB 2.12 ya Desemba 2023 haina tatizo hilo. Kwa kuwa baadhi ya wasambazaji wa Linux waliirekebisha 2.06 wao wenyewe, namba ya toleo pekee haitoshi kuwa ushahidi. Iulize patisheni yenyewe.

Washa kwa flashi ileile, tambua jina la patisheni kwa lsblk (hapa nitaiita /dev/sda1), kisha andika:

sudo dumpe2fs -h /dev/sda1

Soma mstari wa “Filesystem features”. Ukiiona sifa hiyo, hakikisha patisheni haijapachikwa (haijafunguliwa kwa matumizi), kisha uiondoe bila kugusa faili zako:

sudo e2fsck -f /dev/sda1
sudo tune2fs -O ^metadata_csum_seed,^orphan_file /dev/sda1

Sifa ya pili, orphan_file, haiizuii GRUB, ila e2fsck ya zamani iliyomo katika mfumo wako inaweza kukataa kuikagua patisheni yenye sifa hiyo, kwa hiyo ni afadhali kuziondoa zote mbili kwa pamoja. Fanya kazi hii kwa zana za kwenye flashi, ambazo ni mpya na zinazifahamu.

Kabla ya kuwasha upya kuna jambo ambalo wengi hulisahau: kufomati kuliipa patisheni UUID mpya, yaani namba mpya ya utambulisho. Itazame kwa blkid, kisha uirekebishe katika /etc/fstab ya mfumo wako (si ya flashi), faili inayoorodhesha patisheni za kupachikwa. Usipofanya hivyo GRUB itapita salama, lakini mfumo utakwama njiani ukiisubiri /boot ambayo haipo tena. Ukishaingia, endesha sudo update-grub, au sudo grub-mkconfig -o /boot/grub/grub.cfg kama mfumo wako hauna amri hiyo, ili menyu nayo iandikwe kwa UUID mpya.

Ikiwa sifa hiyo haikuwamo, rudi kwenye “grub rescue>” na uandike ls, halafu ls (hd0,msdos1)/ kwa kila patisheni itakayotajwa. Ukiipata inayoonyesha saraka ya grub, GRUB inaisoma vizuri, ila inatafuta mahali pasipo sahihi. Andika set prefix=(hd0,msdos1)/grub, kisha insmod normal, kisha normal; na menyu ikifunguka, ingia kwenye mfumo na uendeshe sudo grub-install /dev/sda, ukitaja diski nzima na si patisheni.