Makopo ya gesi chini ya sinki

SWALI: Ndugu Mhariri, mdogo wangu, ambaye naishi naye nyumba moja, amepania kutengeneza hashishi, yaani ulimbo wa bangi, nyumbani. Anadai kwamba ya kusugua kwa mikono, ya kuchekecha, ya maji ya barafu na ya gesi ni kitu kilekile. Juzi nimekuta makopo saba ya gesi ya kujazia viberiti chini ya sinki la jikoni. Je, hofu yangu ina msingi, au nakuza mambo?

JIBU: Hukuzi mambo hata kidogo, na ningekuomba usome jibu hili leo, usilisubirishe. Ni kweli kwamba njia zote nne zinatafuta ulimbo uliomo katika vijitezi vinavyoota kama vinyweleo juu ya maua ya mbangi jike, na humo ndimo hukusanyika THC, kemikali ya kulevya ambayo wanasayansi wa Israeli Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni waliitenga mwaka 1964. Ukweli wa mdogo wako unaishia hapo.

Charasi, hashishi ya India na Nepal, hutokana na kusuguliwa kwa mikono. Hashishi ya Moroko na Lebanon ni ya kuchekechwa. Ile ya maji ya barafu hutegemea baridi, ambayo hufanya vijitezi vikakamae na kukatika. Hizo tatu hutenganisha kwa nguvu tu, bila kuyeyusha kitu. Hazikosi madhara, kwa kuwa ulimbo uliobaki na unyevu huota ukungu unaodhuru mapafu, na sheria za nchi nyingi zinaukataza ulimbo kwa namna yoyote utakavyopatikana. Hata hivyo, hakuna kati ya hizo inayolipua nyumba.

Gesi ya butani, ndiyo hiyo ya kujazia viberiti, huuyeyusha ulimbo wenyewe, na kinachobaki ni kitu kikali ambacho THC yake mara nyingi huzidi asilimia 60, kiwango kinachoongeza hatari ya kuchanganyikiwa akili, hasa kwa vijana. Lakini kabla ya kufika huko kuna hatari iliyo karibu zaidi. Butani huchemka kwenye nyuzi sifuri hivi za Selsiasi, kwa hiyo ikitoka koponi hugeuka mvuke papo hapo. Mvuke huo ni mzito takriban mara mbili ya hewa, hutambaa sakafuni na kutuama pembeni, na ile iliyosafishwa kwa ajili ya viberiti haina harufu kali ya kukushtua. Ikifikia asilimia 2 tu ya hewa ya chumba, inaweza kulipuka. Cheche ndogo ya friji inapojiwasha yenyewe inatosha, hata kama jiko limezimwa na dirisha liko wazi. Anayeinamia kazi hiyo huungua mikono na uso.

Makopo hayo yaondoe ndani, uyaweke nje penye kivuli, mbali na moto, wala usiyatoboe. Ukisikia gesi ikivuja, usiguse swichi yoyote, hata ya kuzima taa. Toeni watu wote kwanza, kisha mwite zimamoto mkiwa mbali. Mtu akiungua, mmiminieni maji ya bomba yaliyopoa kwa dakika 20, bila dawa ya meno wala mafuta, na mumpeleke hospitali. Zungumza na mdogo wako akiwa ametulia, ukianza na habari ya friji, kwa sababu huenda hilo hajawahi kuambiwa.